Neno Lisilosemwa Halisahihishwi

Ukitoka Mafinga kuelekea Makambako kwa barabara kuu ya Tanzania na Zambia, utaikuta Nyololo kwenye njia panda. Kushoto barabara inachepuka kwenda Igowole, Kibao na Mgololo, kuliko na kiwanda cha karatasi. Mbele ndiko Mbeya na Tunduma. Malori ya mbao yanatokea upande mmoja, yenye mizigo ya Zambia yanatokea mwingine, na katikati yao wapo watu waliojifunika makoti, wakisubiri gari, abiria au mnunuzi wa viazi. Watu wanaosubiri huongea. Wataongea bei ya mbao na ya mbolea, mbunge aliyeonekana mara ya mwisho wakati wa kampeni, vijana wasiotaka jembe, dawa ya mizizi inayotibu sukari, simu zinazoharibu watoto. Masika yakiingia na mianzi ikichipua, maneno huhamia kilabuni, ambako ulanzi uliogemwa alfajiri ni mtamu kama maji ya sukari, na ukifika jioni umeshakolea, na maneno nayo yamekolea. Waliosoma huyaita mazungumzo haya porojo. Nakubali kwamba sehemu kubwa ya yanayosemwa pale ina makosa, na mengine ni upuuzi mtupu. Ninachokataa ni hitimisho linalofuata, kwamba kwa kuwa yana makosa basi hayana thamani, au mbaya zaidi, kwamba afadhali yasisemwe. Historia ya nyanda hizi, kuanzia mashamba ya Isimani hadi zahanati za hapa Mufindi, inaonyesha kwamba wazo baya hufa haraka likitolewa nje, na huishi miaka mingi likifichwa.

Nyololo yenyewe inajulikana nchini kwa jambo moja ambalo wakazi wake hawakulichagua. Jumapili ya tarehe 2 Septemba 2012, Chadema ilikuwa inafungua tawi kijijini hapo. Sensa ya watu na makazi iliyoanza Agosti 26 ilikuwa imeongezewa siku, na polisi walikuwa wamezuia mikusanyiko ya kisiasa hadi iishe. Chama kilisema hiki si mkutano wa hadhara, ni kazi ya ndani ya chama. Polisi waliona vingine. Ukitazama kwa utulivu, ubishi wenyewe ulikuwa mdogo: tafsiri ya neno mkutano, na bendera moja ya kupandishwa mlingotini. Uliishia kwa mabomu ya machozi, na kwa kifo cha Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa chama cha waandishi wa habari mkoani Iringa, aliyelipuliwa kwa bomu la aina hiyo akiwa katikati ya askari. Hakuwa mgombea wala mwanachama aliyekuja kufungua tawi. Alikuwa kazini, akichukua habari ya watu waliotaka kusema wanachokifikiria.

Siku zilizofuata, maelezo ya nini hasa kilimlipukia yalipingana, kila upande ukiwa na lake. Hapo ndipo tukio la Nyololo linapokuwa somo kuhusu maoni kwa jumla, hata kwa msomaji asiyejali vyama. Ubishi ule ungeweza kubaki hivyo hivyo hadi leo, huyu akisema hivi na yule vile, kila mtu akiamini kulingana na kadi aliyonayo mfukoni. Haukubaki hivyo kwa sababu waandishi wenzake walikuwapo na kamera, na picha za askari wakiwa wamemzingira zikachapishwa, nchi nzima ikaziona. Waziri wa Mambo ya Ndani akaunda kamati chini ya Jaji Stephen Ihema. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ikachunguza kivyake, na Baraza la Habari na Jukwaa la Wahariri wakachunguza kivyao. Ripoti hazikufanana, na hilo lenyewe lilikuwa na faida, kwa kuwa msomaji aliweza kuzilinganisha. Julai 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ikamtia hatiani askari mmoja kwa kuua bila kukusudia, ikamfunga miaka 15. Wapo wanaoona adhabu ile ni ndogo, wapo wanaouliza kwa nini alihukumiwa mmoja wakati picha zina wengi. Lakini hakuna tena anayesema kwamba mambo yalikuwa hadithi tu. Kilichoondoa hadithi ni ushahidi uliowekwa mezani mahali ambapo kila mtu angeweza kuunyooshea kidole.

Sasa rudi nyuma miaka 40, upande wa pili wa Iringa, kwenye barabara ya Dodoma. Isimani ya miaka ya sitini ilikuwa nchi ya mahindi na matrekta, na wakulima wake wakubwa walikuwa na maoni yao kuhusu kazi: kwamba mtu hulima kwa bidii pale anapojua mavuno ni yake. Serikali baada ya Azimio la Arusha ilikuwa na maoni tofauti, kwamba jasho la pamoja huondoa unyonge wa wengi. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na ni hoja ambazo nchi ingefaidika kuzisikia zikipambanishwa mkutanoni. Hazikupambanishwa. Mkuu wa mkoa, Dakta Wilbert Klerruu, alikuwa mtu wa kusukuma, na vijiji vya ujamaa vilitakiwa viwepo. Tarehe 25 Desemba 1971, siku ya Krismasi, alifika kwenye shamba la Said Mwamwindi, akamkuta analima. Wakajibizana, na Mwamwindi akampiga risasi, kisha akauchukua mwili na kuupeleka polisi Iringa mwenyewe. Alihukumiwa kunyongwa, na haki ya sheria ilikuwa hivyo. Mauaji hayawi hoja. Hata hivyo, kilichotokea baadaye ndicho ninachokiangalia. Mei 1972 TANU ilikutana hapo hapo Iringa na kutoa azimio la Siasa ni Kilimo, lililosifiwa kwa kuhimiza mbolea, mbegu bora na matuta. Swali la Isimani, mkulima hulima vizuri zaidi kwa nani, halikujibiwa kwa mjadala. Ikafuata Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa kwa malori, na wakulima wakalijibu swali lile kimya kimya, kwa kulima cha pamoja kwa mkono mmoja na cha nyumbani kwa mikono miwili. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kwa taifa kutamka kwa sauti kile ambacho mkulima yeyote wa Isimani angeweza kukisema mwaka 1971 kama angeulizwa.

Nasimulia hayo kwa sababu maoni kuhusu kazi ndiyo tunayoyapuuza kuliko yote. Mwaka 2015 kaulimbiu ya Hapa Kazi Tu ilipendwa na wengi, na kwa sababu nzuri, maana watu walikuwa wamechoka na maofisa wanaokunywa chai saa nne hadi saa sita. Lakini neno lile dogo la mwisho, tu, lilikuwa na ujumbe wa pili: kwamba kuongea na kufanya kazi ni vitu viwili vinavyogombana, anayeuliza anachelewesha. Mtu anayejua kazi za Mufindi angelipinga papo hapo. Chukua kituo cha kununulia majani mabichi ya chai. Mchumaji amefika na kikapu, mizani inaning'inia kwenye boriti, karani anatazama mshale, anataja kilo, kisha anakata kidogo kwa ajili ya umande. Kidogo kiasi gani? Asubuhi ya ukungu na mchana wa jua si sawa. Pale ambapo wachumaji wanaweza kusema mbele ya karani kwamba leo umande haukuwapo, makato hujadiliwa, pengine hupungua, pengine karani huwaonyesha kwamba kweli majani yamelowa na mambo yakaisha. Pale ambapo anayesema huambiwa kesho asije, mambo hayaishi. Mchumaji hunyamaza, halafu hupunguza kuchagua jani: badala ya majani mawili na chipukizi, yanaingia manne na kijiti. Kiwanda kinapata chai hafifu na meneja analalamika kwamba watu wa siku hizi ni wavivu. Hilo nalo ni wazo baya lililonenepa kwa kukosa wa kulijibu.

Afya ndiyo inayotoa ushahidi ulio wazi zaidi, na ni ushahidi wa hapa hapa. Nyanda hizi zimeumizwa na ukimwi kuliko sehemu nyingine yoyote ya nchi. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 12.7 ya watu wazima, na Iringa 11.1, wakati nchi nzima ilikuwa 4.4. Sababu ni nyingi: barabara kuu, kazi za mashamba na misitu zinazotenganisha wanandoa, nyumba za wageni, pombe. Moja iliyokuwa inatajwa kwa kunong'ona ni kwamba Wahehe, Wabena na Wakinga hawakuwa na mila ya kutahiri. Majaribio matatu makubwa, la Orange Farm Afrika Kusini lililotangazwa 2005, na ya Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda yaliyotoka muda mfupi baadaye, yalionyesha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa kwa karibu asilimia 60. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Sasa fikiria kupeleka ujumbe huo kwa mzee wa Kihehe mwenye wajukuu. Katika maisha ya faragha hakuna jambo lililo gumu kuzungumza kuliko hilo, na lilikuwa limebeba mila, dini na aibu kwa pamoja.

Ilivyokwenda Iringa inafaa ikumbukwe. Katika kampeni moja ya wiki sita mwaka 2010, wanaume na wavulana 10,352 walitahiriwa, idadi ambayo ilishangaza hata walioipanga. Hawakuja kwa sababu ya amri. Viongozi wa mila walishirikishwa, redio ilizungumza, wauguzi walijibu maswali ya kila namna mbele ya watu. Na katika maswali hayo yakajitokeza maoni ambayo daktari wa mjini asingeyaota. Watu waliamini kidonda hupona vizuri wakati wa baridi, Juni hadi Agosti, na huoza wakati wa joto. Kitaalamu imani hiyo haina uzito, lakini kampeni zilipangwa miezi hiyo, ambayo kwa bahati ina likizo ya shule, na foleni zikajaa. Wengi waliokuja walikuwa vijana wadogo. Wanaume wazima walibaki nyuma, na watafiti walipowauliza kwa nini, majibu yalikuwa ya kibinadamu kabisa: haiwezekani nikae benchi moja na rika la mwanangu, wala nivue nguo mbele ya nesi aliye na umri wa binti yangu, na nikikaa wiki sita bila kukutana na mke wangu, atavumilia? Haya yasingeandikwa kwenye fomu yoyote. Yalipotamkwa, yalipata dawa nyepesi. Benchi la watu wazima likatengwa, saa zao zikatengwa, wahudumu wa kiume wakawekwa, na wake wakaitwa nao wasikilize. Tazama lilivyo jambo hili: maoni yalikuwa na makosa, lakini ndani ya kosa mlikuwa na taarifa ambayo mpango wa serikali ulikuwa unaihitaji, na taarifa hiyo isingepatikana kwa kumwambia mzee anyamaze asikilize wataalamu.

Linganisha na miaka ya korona. Mwanzoni mwa Mei 2020 Tanzania ilikuwa imetoa takwimu za wagonjwa 509 na vifo 21, kisha ikaacha kutoa kwa zaidi ya mwaka mzima. Watu hawakuacha kuugua, wala hawakuacha kuongea. Kilichobadilika ni lugha. Misibani ikasikika nimonia kali na changamoto ya upumuaji, na kila mtu akatingisha kichwa kwa kuwa alijua kinachosemwa bila kusemwa. Nyungu ikafukizwa vyumbani, tangawizi na malimao yakapanda bei, na mtu aliyetaka kujua kama nyungu inasaidia au inaunguza tu uso hakuwa na wa kumuuliza bila kuonekana ana jambo. Serikali mpya ikaunda kamati ya wataalamu Aprili 2021, chanjo zikaingia, na tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani. Sindano za kwanza zilizidi milioni moja, na mwanzoni zilitumika polepole. Watu walikuwa na maswali ya mwaka mzima yasiyoulizwa, na kwa kukosa majibu walikuwa wameyajibu wenyewe: kwamba ni mpango wa kupunguza Waafrika, kwamba kina mama hawatazaa. Ilipofika 2022, wahudumu walipoanza kuwafuata watu masokoni na majumbani na kubishana nao kwa subira, uchanjaji ukapanda sana. Yaani dawa ilikuwa ile ile ya benchi la wazee wa Iringa, ila imechelewa.

Wazee wetu walilijua hili katika umbo lingine. Enzi ya mkoloni, kutoka pwani hadi Kongo, watu waliogopa mumiani, wanyonya damu waliodhaniwa kuwa kwenye magari ya zimamoto na hospitalini. Mzungu alicheka ushamba wa mwenyeji. Lakini mwenyeji alikuwa anaishi chini ya utawala unaomchukua kazi, kodi na wakati mwingine damu yake kwa vipimo, bila kumweleza sababu wala kumpa pa kuuliza. Mtu asiyepewa maelezo hujitungia, na hutunga kwa kipimo cha hofu yake.

Kuna pingamizi zito kwa yote haya, na lina watu makini nyuma yake. Wanasema: nchi hii ina makabila zaidi ya 120, imeona majirani wakichinjana, na utulivu wake umetokana na viongozi waliojua wakati wa kufunga mdomo wa umma. Acha kila mtu aropoke, utaona. Siwezi kuupuuza woga huo, kwa kuwa Rwanda ya 1994 ilikuwa na redio iliyosema kila kitu na watu wakafa. Ila redio ile haikuwa kijiwe cha watu wanaobishana. Ilikuwa sauti ya upande mmoja, iliyolindwa dhidi ya majibu, na waliojaribu kujibu walikuwa kati ya waliotangulia kuuawa. Na hapa nyumbani, tukitazama siku ambazo amani imevunjika Nyololo au kwingineko, mara nyingi imevunjikia mahali watu walipozuiwa kukutana. Mikutano ya hadhara ya vyama ilikatazwa tangu 2016, na katazo likaondolewa tarehe 3 Januari 2023. Miaka ile sita na nusu haikufanya watu wasiwe na maoni ya kisiasa. Iliyahamisha kutoka jukwaani, ambako mpinzani wako anasimama kesho yake na kukujibu, ikayapeleka kwenye magrupu ya WhatsApp, ambako kila aliyemo anakubaliana nawe na anayebisha anaondolewa.

Ndipo linapokuja pingamizi la pili, la simu. Mtu atasema: mnataka maoni yasemwe, haya sasa yanasemwa usiku na mchana, kwa bando la bei ndogo, na tazama uongo ulivyojaa. Picha ya ajali ya nchi nyingine inasambazwa kuwa ni ya Mlima Nyang'oro, dawa ya saratani inatoka kwa mtu asiyejulikana, na chini yake maneno yale ya kunawa mikono: imetumwa kama ilivyopokelewa. Ni kweli kabisa, na ni tatizo. Lakini kusambaa na kusemwa hadharani ni vitu viwili. Ujumbe uliofowadiwa mara elfu haukusemwa na mtu yeyote. Hauna mwenyewe wa kuulizwa. Kilabuni, ukidai mizizi fulani inaponya sukari, yupo jirani yako atakayekukumbusha kwamba shemeji yako aliitumia na akakatwa mguu. Utabisha, utaona aibu, na kesho utasema kwa sauti ya chini zaidi. Simu imetuondolea yule jirani. Na njia tuliyozoea ya kulitibu tatizo hili, kuzima, inamwondoa pia anayejua ukweli. Mtandao ulipozimwa siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, na kukaa siku kadhaa bila kurudi, uongo haukuzimika. Ulipita kwa meseji za kawaida, kwa madereva, kwa simu za jamaa walio nje, na safari hii hapakuwa na gazeti la mtandaoni wala mtandao wa taarifa rasmi wa kuulinganisha nao. Kilichozimwa ni uwezo wa kusahihishana.

Na wala hatuhitaji kubuni mahali pa kusahihishana, kwa sababu sheria imeshapaweka. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu, na kila mtu mzima ni mjumbe: mwenye lori, mchumaji, mwenye kadi ya chama chochote, na bibi anayeuza ulanzi. Pale inapokaa, ratiba huwa inafanana nchi nzima. Kufungua, kusoma muhtasari uliopita, taarifa ya mapato na matumizi, maagizo kutoka wilayani, chanjo ya kuku, usafi wa vyoo, michango ya darasa. Mtendaji anasoma, watu wanasikiliza, wengine wanachora chini kwa kijiti. Mwisho kabisa wa ratiba, kabla ya kufunga, kuna ajenda inayoandikwa kwa neno moja: mengineyo. Hapo ndipo mikono inaponyooka. Kuna anayeuliza mbao za shule zilikwenda wapi, kuna anayesema dawa zahanati hazipo ila kwenye duka lililo mkabala zipo, kuna mzee anayedai simu ndizo zinazoleta ukimwi na kijana anayeinuka kumjibu. Kufikia wakati huo ni saa kumi na mbili jioni, ukungu umeshuka kutoka upande wa misitu, na mwenyekiti amevaa kofia yake tayari. Anatazama saa, anasema muda hauturuhusu, wenye hoja wazihifadhi hadi mkutano ujao. Watu wanakung'uta vumbi na kutawanyika, wakiendelea kubishana njia nzima.